Hana Uchungu

Tukuyu siijui kwa majina ya mitaa.
Naijua kwa vyoo.
Cha stendi, mia tatu, mlinzi wake ana redio.
Cha nyuma ya kanisa, kitasa kibovu: unaimba ili wajue umo.
Cha ofisi ya chai, ufunguo kwa karani anayeuliza, "Tena?"
Darasani nachora mlima Rungwe ubaoni, kontua kwa kontua,
watoto wananukuu.
Ramani yangu mwenyewe sijawahi kuichorea mtu.

Miaka tisa.
Kule Rufaa Mbeya wamenipitisha mpira wenye taa,
wamepima damu, wamepima choo,
wamenitibu amiba hata ambazo sina.
Daktari akageuza karatasi upande wa pili
kana kwamba jibu limejificha huko.
"Utumbo wako mzima, mwalimu. Punguza mawazo."
Nikarudi na majibu safi mfukoni
na maumivu yaleyale chini ya mkanda.

Nasema "tumbo", watu wanasikia kitu kingine.
Mama mkwe anasikia dharau: kande zake nimezionja tu,
maziwa ya mgando nimeyasogeza kwa kidole kimoja.
Mkuu wa shule anasikia uvivu wa kipindi cha kwanza.
Dada wa dukani anasikia pombe.
Mke wangu Tumpale alisikia uongo, halafu akasikia kweli,
halafu akachoka kusikia.

Kisha Ambakisye akafa.
Kaka yangu, tumbo moja, ziwa moja.
Ilikuwa mvua ya Aprili, ile isiyonyesha bali inahamia.
Nilipewa mshikio wa mbele wa jeneza, upande wa kulia.
Hatua ishirini toka mlangoni, tumbo likajikunja
kama nguo inayokamuliwa na watu wawili wasiopendana.
Nikamwita kijana, "Shika hapa," nikaingia migombani.
Nilichuchumaa juu ya majani makavu, tai shingoni,
nikausikia udongo, du, du, du, juu ya ubao,
na wimbo ukipanda kilima bila besi yangu.
Niliporudi palikuwa na kichuguu na maua.
Mtu akanong'ona, si kwa siri ya kutosha:
"Huyu hana uchungu."

Uchungu!
Ninao wa kugawia kata nzima na ukabaki.
Ulinishika chini, mahali ambapo mwanamume haliliwi pole.
Na machozi niliyatoa, kulekule migombani.
Nani atashuhudia? Ndizi?

Miezi saba baadaye, siku ya kuweka msalaba,
nilikwenda sijala tangu jana yake.
Ndivyo ninavyohudhuria.
Uongo nilikuwa nao tayari: mitihani ya kusahihisha.
Shemeji Sekela alipokea begi langu, hakunipa pole.
Akanionyesha kwa kidevu kiti cha mwisho, kwenye kona ya nyumba,
na nyuma yake kijia kilichofyekwa upya,
mlango wa bati, ndoo imejaa,
karatasi ndani ya mfuko wa nailoni isilowe.

"Kiti cha kaka yako," akasema.
"Miaka yote ile hakukaa mbali na mlango.
Aliniapisha nisiseme. Alikuonea aibu wewe, mwalimu."

Sikujibu.
Sisi wawili tuliolala kitanda kimoja hadi mimi nafika kidato cha pili,
kila mmoja na ramani yake,
kila mmoja akidhani mwenzake ana tumbo kama la watu.

Wakaleta sahani. Nilikula ndizi mbili, maharage nikayaacha,
na Sekela akaichukua bila kuuliza.
Saa nane likanikata. Nikaenda. Nikarudi.
Turubai lilikuwa limejaa, watu wamesimama kwa mvua,
na kiti changu bado wazi:
mtu alikuwa ameweka sweta lake juu yake
asije mwingine akakikalia.