Sisi Mia Tano

Watu hutaka kusikia ajali.
Hutega sikio: mfupa gani ulivunjika,
jina la nani limeandikwa kwenye msalaba kando ya njia.
Hapakuwa na ajali. Palikuwa na mashine ya kufulia.
Ilikufa Jumatatu, na watoto wawili wa nepi.
Jumamosi mtu wa Hasselt akahesabu noti juu ya tanki,
akaipandisha pikipiki yangu kwenye ubao, akafunga lori.
Nikafua. Miaka ishirini na sita nikafua.

Sasa hii. Nimeinunua Balen, kwa mjane
aliyeifunika pazia la chumba cha wageni
kati ya magunia ya chakula cha kuku.
"Marehemu aliiogopa," alisema, "ndiyo maana haijachakaa."
Kisha akapunguza euro mia mbili, kwa aibu ya kulisema hilo.

Sisi mia tano, ndivyo mafundi wanavyoihesabu:
silinda moja, mipigo miwili, haina betri wala subira.
Sisi mia tano, na mimi mmoja,
miaka hamsini na minne, goti la kushoto la kubembelezwa.

Nachanganya mwenyewe, kama baba:
petroli thelathini na mbili, oili moja,
ndani ya jagi la maziwa ambalo mama hakulitaka tena.
Oili hii ina nyonyo ndani yake.
Naikoroga, harufu inanifikia kabla sijajiandaa,
na nina miaka kumi na saba kwenye mchanga wa Lommel,
meno yamejaa Limburg.

Kiki ya kwanza: kimya.
Ya pili: kimya chenye dharau.
Ya tatu inarudisha teke, punda mwenye kumbukumbu,
nami natamka neno ambalo bibi aliwawekea akiba Wajerumani.
Ya nne

hainguruma, wanaosema inanguruma hawajaisikia.
Inachana. Kama jora jipya likichanwa ndani ya sikio.
Moshi wa samawati unalala juu ya misonobari,
mbwa wa jirani anaingia ndani bila kuitwa.

Mchanga wa hapa ni unga. Ukisita, umekwama.
Ukikaa, umezikwa. Unasimama, unaegemea nyuma,
unafungua mafuta na kuomba.
Gia ya pili: hakuna kitu.
Hakuna kitu.
Hakuna
halafu kila kitu kwa pamoja,
mikono inarefuka, macho yanabaki nyuma kidogo ya kichwa,
na nakumbuka, si mimi, mapaja ndiyo yanayokumbuka,
kwamba nguvu hii haipandi ngazi. Huingilia dirishani.

Mzunguko mmoja. Wa pili napiga ukelele ndani ya helmeti,
sijui neno gani, nadhani ni chapa ya ile mashine ya kufulia.
Wa tatu, kona ya bwawa, nikapunguza mafuta ili nifikiri.
Mchanga haumsamehe anayefikiri.
Gurudumu la mbele likazama, mimi nikaendelea.

Mchezea tope humrukia. Mchezea mchanga huula.

Nilikuwa bado nahesabu vidole aliposimama kijana
bila mlio, pikipiki yake ya betri ikivuma kama friji.
Jarne, miaka kumi na sita, ana adabu za kwao.
Tukainyanyua pamoja, kilo mia na ushei,
akanusa glavu zake. "Ni nini hiki kinachonukia?"
Nikataka kumwambia nyonyo. Nikataka kumwambia baba,
na jagi, na mama mlangoni akiziba pua kwa aproni.
Nikasema, "Oili."
Akanusa tena.

Kisha nikashindwa kufungua helmeti.
Vidole havikuwa vyangu, vilikuwa bado vinaendesha.
"Samahani," nikasema.
Akavua glavu, akakiinua kidevu changu kwa kidole kimoja,
kama nilivyowafunga wanangu kofia za baridi,
akatafuta kifungo, akakikosa, akatafuta.
Nyuma yake injini ilikuwa ikipoa, tik, tik,
nami nikipiga hesabu ya petroli iliyobaki.