Sikumpiga Usoni

Ruwi, ghorofa ya tatu, nyuma ya msikiti.
Kiyoyozi kinakohoa kama alivyokohoa mwenye nyumba.
Leo siku ya tisa tangu tumzike Babu Zahor,
nami nimekaa chini, miguu imekufa ganzi,
albamu yake ya stempu mapajani.

Kurasa za mbele ni masultani.
Kilemba, ndevu, kilemba, ndevu nyeupe zaidi,
baba, mwana, mwana wa ami,
kila mmoja ndani ya kiduara chake
juu ya mkarafuu, juu ya mnara,
senti tano, senti kumi, shilingi.
Utotoni alinikaririsha majina yao,
mwaka wa kukalia kiti na mwaka wa kukiacha.
Nikifika kwa yule wa mwisho, wa miezi sita,
husema, "Hapo pumua. Kunywa kahawa."
Kisha tukaendelea na marais,
kwa sauti ileile, haipandi haishuki,
kama karani anayesoma orodha ya vifurushi.

Ukurasa wa katikati ndio uliotugawa.
Sultani yuleyule, stempu ileile,
ila juu yake neno moja jeusi, limekwenda mshazari:
JAMHURI.

Alikuwa karani wa posta, Shangani.
Siku ile mtu mwenye bunduki alimletea
kipande cha mpira kilichogandishwa kwenye mti,
wino, na karatasi za stempu, mia kwa mia.
Hapakuwa na wasaa wa kuchapa sura mpya.
Nchi ilishageuka tangu Jumapili;
barua bado zilikuwa za Jumamosi.

"Nilipiga mpaka kiwiko kikawaka moto," aliniambia.
"Lakini sikumpiga usoni.
Nilimpiga begani. Tazama. Zote begani.
Mtu umekula mshahara wake,
humpigi usoni."

Bibi Shinuna hakuikubali hesabu hiyo.
Kaka zake wawili walitoka Jumapili ile
hata leo hawajarudi.
"Bega, uso, mwili si mmoja?"
Hata huku Maskati, mpaka anaingia kaburini,
hakupokea kikombe kutoka mkono wake wa kulia.
Babu akajizoeza kutoa kahawa kwa kushoto,
na majirani wa Nizwa wakamdhani hakufunzwa adabu.

Jana alikuja mnunuzi kutoka Sharja,
Bwana Dhirar, kanzu imepigwa pasi hadi inakata,
na kioo cha kukuzia mfukoni.
Aliwapita masultani
kama mtu apitaye sokoni ameshiba.
Akasita kwenye moja:
neno limepinduka, kichwa chini,
na limemwangukia sultani machoni.
"Kosa hili," akasema, "riali mia nne."

Hiyo babu alikuwa akiifunika kwa kidole.
Mara moja tu alikiondoa.
"Hii ilikuwa saa saba mchana.
Ndipo walipokuja kuniambia habari za shemeji zangu."
Akafunga kitabu, akauliza kama maji ya wali yamechemka.

Nikamwambia Bwana Dhirar nitafikiri.

Ukutani kwetu kuna msumari.
Sultani wa hapa alipofariki, picha ikashuka,
nyingine ikapanda msumari uleule.
Babu ndiye aliyeshika ngazi.
"Wao hubadilisha picha," alisema,
"sisi tuliandika juu yake,"
wala sikujua anawasifu au anatusuta.

Chini ya kabati, ndani ya soksi ya sufi,
nimeukuta muhuri wenyewe.
Mpira umekakamaa, wino umekauka,
herufi zimekaa kinyume, hazisomeki.
Nikaugandamiza kiganjani, mkono wa kulia.
Likatokea neno, jeupe, limenyooka,
likadumu pumzi mbili,
kisha ngozi ikajirudi.

Hata hivyo nilinawa,
mara mbili, kwa sabuni,
kabla sijampelekea mama kahawa.