Viti vya Darasa la Pili

Walituketisha kwenye viti vya watoto wetu.
Magoti yakapanda hadi karibu na kidevu,
nami, fundi wa malori ya taka, mtu wa kilo mia na kumi,
nikaiomba ile plastiki ya samawati isinisaliti
mbele ya wazazi wa nusu ya Toledo.
Nje theluji ilishachafuliwa na chumvi ya barabarani.
Ndani mlinuka krayoni, soksi mbichi,
na supu ya nyanya ya Jumanne
ambayo haijawahi kutoka ukutani
tangu mimi mwenyewe nilipokuwa darasa la pili, humu humu.

Mkuu wa shule alisimama na karatasi yake.
Maji yamepimwa, akasema.
Risasi iliyoonekana ni ndogo.
Ndogo! Kana kwamba risasi ikiwa ndogo haiingii.
Iko chini ya kiwango, akaongeza.
Kiwango cha nani? akauliza Mama Nadim bila kuinua mkono.
Kiwango, akajibu mkuu,
na kugeuza ukurasa.

Kwenye korido, mabomba ya kunywea
yalikuwa yamevishwa mifuko myeusi,
yamefungwa utepe shingoni kama mateka.
Wiki ya sita hiyo. Watoto walishayazoea,
wanayapita bila hata kuyaangalia.
Rosalind wangu alijifunza kuzidisha kwa chupa:
mbili kwa siku, mara siku tano, kumi, baba,
na moja zaidi ya Dewey, kwa sababu mama yake husahau.

Namjua mama yake Dewey.
Anakunja mashuka ya hospitali usiku
na kuuza petroli mchana.
Hasahau.
Anahesabu, kama Rosalind anavyohesabu,
ila yeye hesabu yake huishia Alhamisi.

Mwalimu Pruitt hakusema neno.
Alikuwa ameketi karibu na dirisha, mkoba mapajani,
na mkoba ulikuwa wazi kidogo,
na ndani niliona risiti, bunda zima la risiti,
zimebanwa kwa kibanio cha nywele.

Ndipo mtu mmoja huko nyuma akageuka
akamuuliza Tibor, mzee wa kupiga deki,
aliyekuwa akipiga deki hata enzi zangu:
Tibor, wewe unayanywa?
Tukanyamaza hadi tukasikia bomba la joto likigonga ukutani.
Tibor akamtazama mkuu.
Akautazama mpini wa deki.
Mimi hunywa kahawa, akasema.
Tukacheka, tulihitaji kucheka.
Ya nyumbani, akasema.
Na kicheko kikakatika palepale.

Sitasema tulishinda usiku ule.
Mama Nadim alizungusha daftari, tukaandika majina,
wengine waliandika namba za simu zisizosomeka,
wengine walikumbuka ghafla wameacha chakula jikoni.
Niliahidi lori, Jumamosi, kama bosi ataniazima.
Kalamu ilipofika kwangu niliishika kama ninavyoishika siku zote,
kwa ngumi,
na herufi zangu zikalala upande, kama siku zote.

Bomba la tatu, karibu na ngazi, lilikuwa langu.
Baada ya mpira nilikuwa naweka mdomo kabisa kwenye chuma,
hata walipotukataza.
Maji yake yalikuwa baridi kuliko ya kwetu,
na yalikuwa na ladha ya senti,
na niliipenda ile ladha.
Mwaka ule nilirudishwa darasa.
Walimwambia mama ni uvivu.
Mama akaamini, akanichapa, akalia.

Niliposimama, kiti kilisimama nami,
kimening'ang'ania kiunoni;
ikabidi Mama Nadim akivute.

Nyumbani Rosalind alikuwa bado macho.
Walisema nini?
Nikavua viatu, kimoja, kisha kingine.
Nikamwambia alale.
Halafu nikaenda jikoni, nikajaza chupa tatu.