Vidole Vinane

Novemba, ziwa likishaganda kimo cha goti,
shangazi Balbaara alinipa mtaimbo.
Hakutoa hotuba. Alisema: Gonga, sikiliza.

Nikagonga. Ti! Kama kengele ya shule.
"Pazima hapo. Sogea."
Nikagonga. Du. Kama kifua cha mwenye kifaduro.
Akanidaka ukosi wa koti la manyoya
kabla mguu haujauliza swali la pili.

Huku Yakutia maji hayachotwi, yanakatwa.
Msumeno hupanda, hushuka, na jasho ni marufuku:
"Likikutoka jasho, umejishonea sanda.
Taratibu, Kunnei. Baridi haina haraka;
usiikopeshe yako."

Tukayapanga matofali ya maji ufuoni,
ya buluu, mazito kama ndama,
na ndani ya moja jani la mbetula limenaswa,
bado la manjano, tangu Septemba.

Nilijifunza kupumulia ndani ya skafu,
kutogusa chuma kwa mkono mtupu,
kufumba jicho moja moja, kope zisishikane.
Nilijifunza kuwa pumzi ina sauti:
nyuzi hamsini chini ya sifuri
huchakarika sikioni kama mchele ukipetwa.
"Ukiisikia," alisema, "usisimame kuisifu."

Vidole vyake vilikuwa vinane.
Wenzangu shuleni walisema ni mbwa mwitu.
Mimi niliona ni nishani,
nikavionea wivu vile viwili visivyokuwepo.

Wiki ya pili upepo uligeuka,
ukaja na unga mweupe, ng'ambo ya ziwa ikafutika.
Yalibaki matofali arobaini.
Farasi alikuwa na nguvu bado.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita,
yaani nilimzidi farasi, kwa maoni yangu.
Balbaara akaufunga msumeno kwenye gunia.
"Twende."
"Shangazi, bado kidogo!"

Akavua glavu, yeye asiyevua glavu,
akaninyoshea mkono ndani ya ule upepo,
akanionyesha visiki viwili.
"Hiki kiliitwa Bado.
Hiki kiliitwa Kidogo."

Tulirudi. Njia nzima nilinuna.
Siku tatu hatukuliona zizi kutoka mlangoni,
tulilifuata kwa kamba, tukipapasa.
Bado nilinuna. Nilitaka nusu yangu ya ziwa.

Kisha Julai, na uso wake mwingine:
nyuzi thelathini na tano, mbu kama pazia,
msitu ukiungua ng'ambo ya Lena,
jua jekundu saa sita mchana, la kutazamika.
Ardhi iliyoganda kabla ya babu wa babu
ikalegea chini yetu kama siagi,
na nyumba ya Balbaara ikainama kusini.
Yai lilibingirika mezani lenyewe.
Mlango ulijifungua usiku bila mgeni.

Nikamuuliza: Na hii tunaigonga wapi?
Tunasikiliza nini?

Alikaa kimya hadi birika likaanza kulia.
Nilizoea kimya chake, kilikuwa na jibu ndani
kama ziwa lilivyo na samaki.
Safari hii alisema, "Sijui."
Akaangalia ukuta, ufa wake mpya.
"Hili mimi sikufundishwa."

Sijawahi kumwogopa kama siku ile,
wala kumpenda hivyo.

Akachonga kabari ya mti, akaisukuma chini ya mguu wa meza.
Akajaribu yai. Lilibingirika, ila polepole.
Akachonga nyingine.
Halafu akashuka kwenye ghala la chini ya ardhi,
akapanda na tofali la Novemba kifuani,
maji yakimtiririka tumboni, akicheka kwa ubaridi,
akalipasua kwa shoka ndani ya sufuria.

Chai ilikuwa na ladha ya theluji na moshi.
Jani la mbetula likaelea kikombeni mwangu.
Alilitoa kwa kidole, kimoja cha vile vinane,
akalibandika kwenye kioo cha dirisha
palipokuwa na masizi zaidi.
"Kunywa," akasema, "kabla haijapoa.
Kisha nipe hilo shoka,
tukaone nguzo za upande wa kusini."