Futi ya Mama

Futi ilikuwa ya mama, ya kushonea,
ya njano, imechanika penye mia na arobaini.
Jumamosi Mjomba Kapya aliichomoa shingoni mwake bila kuomba
akaipeleka barazani kwake, Katuba,
walikokaa wanaume wa magobori na wa bunduki za kweli
chini ya ukuta wa pembe.

Kila pembe na namba yake kwa chokaa.
Themanini na mbili. Mia na nne.
Hakuna aliyeandika jina la mnyama,
wala mwezi, wala nani alikula.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nsya mmoja.
Nilimbeba mabegani toka barabara ya Kasenga,
bado ana joto, damu yake ikinishuka mgongoni
kama mtu anayeniandika jina.
Risasi moja. Hakufika hatua tatu.
Nilidhani hilo ndilo la kuulizwa.

Mjomba akavaa miwani kwanza, makusudi.
Akapima.
"Saba! Sentimita saba, jamani.
Hii si pembe, ni kijiti cha kuchokolea meno."
Wakacheka mpaka Kisimba akamwaga munkoyo wake.
Nami nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma hata leo:
nilicheka kwa sauti kuliko wao.

Mama alimpika na nyanya na vitunguu.
Tulikula watu tisa, na bukari, na jirani akapelekewa sahani.
Futi aliifua kwa sabuni, ila penye saba
pakabaki doa la rangi ya kutu,
na kola zote za shule alizoshona mwaka ule
zilipita juu yake.

Msimu uliofuata nilikuwa nimejifunza kutazama kichwa tu.
Walipita nsya wawili, nikawaacha.
Akapita kuro, hatua ishirini, ubavu wazi,
nikamhesabia pembe, nikamwacha.
Jioni, ng'ambo ya mbuga, palahala dume,
mweusi, pembe zimepinda nyuma kama mundu.
Mbali mno. Nilijua ni mbali mno.
Kidole changu kilikwisha fika barazani, kinapigiwa makofi.

Damu ilikuwa na majani yaliyotafunwa ndani yake.
Anayejua, anajua maana yake.
Niliifuata mpaka kichuguu cha tatu, giza likafunga.
Siku ya pili, hakuna kitu.
Ya tatu, tumbusi walinionyesha:
tumbo limevimba, nzi, macho hayapo.
Nilikata kichwa.
Nyama ya kulisha mtaa mzima niliiacha kichakani
na kwetu sokoni watu wananunua kwa fungu la vipande vinne.

"Tisini na sita!" Mjomba akanikumbatia.
Wakaninunulia bia yangu ya kwanza.
Hakuna aliyeuliza umbali, wala zile siku tatu,
wala harufu, ambayo ilikuwa pale pale mezani.
Mama peke yake, mlangoni, pini mdomoni:
"Nyama iko wapi?"

Nilijibu nini? Sikumbuki.
Nakumbuka aliitwaa futi mkononi mwa kaka yake,
akaizungushia vidole taratibu,
akaifungia ndani ya droo ya cherehani,
ufunguo katika pindo la kitenge.
Wakaanza kupima kwa shubiri.
Hawakuacha kupima.

Leo alfajiri Mwewa, binti wa dada yangu,
amempiga nsya wake wa kwanza.
Alipiga magoti, kiganja juu ya ubavu uliokuwa unatulia,
akanitazama.
"Ni mkubwa, mjomba?"

Namba ilinijia mdomoni kabla ya neno.
Naona haya kuandika hivyo, lakini ilikuja:
nane. Nane na nusu.
Nikaimeza. Nikamwambia ashike miguu ya nyuma
tumgeuze, jua lisimkute hapa,
tuna mwendo mrefu, na nyumbani
wako watu kumi na mmoja.