Daftari la Salio

Nilimnunua kwa pesa iliyobaki ya tumbaku,
ndiyo maana nikamwita Salio.
Mtamba wa Friziani, nusu,
au robo tatu, kwa maneno ya aliyeniuzia,
mtu ambaye nusu ya maneno yake
haifiki robo.

Asubuhi ya kwanza alipoingia joto
nilipanda kichuguu kutafuta mtandao.
"Bwana Kapelemba, anapanda wenzake,
ute unaning'inia kama uzi wa asali."
"Ameanza saa ngapi?"
"Alfajiri, kabla sijainjika uji."
"Basi nakuja jioni. Tayarisha maji ya moto,
sabuni, na hela ya petroli."

Akaja na mtungi wake.
Tumezoea kwamba dalili ya moto ni moshi:
alipofungua kifuniko moshi ukafumka,
ukatambaa miguuni petu, baridi,
baridi ya kuchuna ngozi,
na ndani ya baridi ile amelala dume
ambaye hajawahi kukanyaga Usoke.
Pengine alishakufa, nyama yake ilishaliwa huko kwao,
amebaki mrija, mwembamba kama bua la nyasi.
Kapelemba akauyeyusha kwenye chupa ya chai,
macho kwenye saa,
akavaa glavu mpaka begani.
Salio akatazama pembeni
kama mkwe aliyesikia neno lisilo lake.

Nikaandika:
mrija, elfu ishirini na tano.
Petroli, Urambo kuja na kurudi, kumi na mbili.
Glavu, alisema bure, kisha akasema elfu mbili.
Soda ya mgeni haiandikwi.
(Niliiandika usiku.)

Siku ya ishirini na moja akaingia joto tena.
Kichuguu. Mtandao. Mrija.
Petroli imepanda.
Siku nyingine ishirini na moja.
Ng'humbi akachungulia juu ya ua:
"Dume langu halinywi petroli, mayu.
Linakuja kwa miguu."
Nikauza ndoo mbili za asali.

Mara ya tatu ikashika.
Akazaa jike, jeusi,
lenye doa jeupe kwenye paji kama unga uliomwagika.

Kumbe kuzaa ni nusu ya gharama.
Tabora, ofisi ya chama, Isevya, nyuma ya stoo ya mbolea:
kiingilio. Ada ya mwaka. Hereni ya sikio yenye namba.
Picha mbili, ubavu wa kulia na wa kushoto.
Mimi mwenyewe nina picha moja tu, ya kitambulisho,
na nimefumba macho.

"Baba yake?" karani akauliza.
Nikafungua pindo la kanga, nikatoa mrija mtupu.
Akabonyeza namba zake, kompyuta ikamwaga ukoo:
babu, bibi na lita zake kwa siku,
mpaka kizazi cha tano.
"Mama?"
Salio.
"Mama yake Salio?"

Akapiga mstari.
"Huyu ataanzia daraja la chini.
Labda kitukuu chake ndiye ataandikwa safi."
Nikahesabu miaka, kisha mirija,
nikaacha kuhesabu.

Mstari ule naujua.
Upo kwenye cheti cha Masele, mjukuu wangu,
mbele ya neno Baba.
Siku ile Kalunde, binti yangu, alitazama sakafu ya msajili,
nami nikatazama dirisha,
wala hakuna kompyuta iliyotusaidia.

Jioni Masele amemshika ndama sikio,
anasoma namba ya hereni kwa sauti
kama anavyosoma jedwali la kuzidisha.
"Bibi, na jina lake?"
Laki mbili na arobaini na sita elfu zimekwenda,
jina sijampa.
"Mpe wewe."
Akafikiri. Akafunua daftari langu,
akashuka na kidole mstari kwa mstari,
akachagua neno lililorudiwa sana.
"Petroli."

Fomu ina visanduku kumi na viwili vya jina.
Limeenea, na nafasi imebaki.