Misumari ya Inchi Nne

Barua ya kwanza imekuja na muhuri wa dhahabu
unaokwaruza kidole ukiupapasa.
Chuo cha ng'ambo, chenye jina. Wananipongeza, Bi. Aikande Lyatuu,
na ada ni milioni tisini na sita
kabla sijala, kabla sijanunua koti.
Ya pili imeingia kwenye simu, mistari mitatu:
Ndugu Aikade (wamekosea),
masomo ya jioni, hapa hapa Moshi,
milioni saba na laki mbili, kwa awamu nne.

Nipo nyuma ya kaunta, Mbuyuni,
kati ya mabati na ndoo za rangi.
Fundi Kiwelu anataka kilo mbili za inchi nne.
Namwaga, napima. Mshale unatetemeka, unatulia.
Chuma hakina makuu: kinasema uzito wake, kinanyamaza.
Jina la chuo lina kilo ngapi?

Usiniambie jina si kitu.
Binamu yangu Ndemasi alirudi na cheti cha huko,
hajui hata bei ya saruji,
wakamvutia kiti kabla hajamaliza hodi.
Mimi, miaka tisa na duka hili, nalala na daftari la madeni,
na bwana mikopo wa benki akaniuliza:
"Mama, mwenye biashara yuko wapi?"
Siku ile ningelinunua jina kwa bei yoyote.
Ningelibandika kwenye paji la uso.

Na Desemba ndiyo hiyo.
Magari yatapanda Kibosho kwa foleni, vioo juu,
watu wanapandisha mlima wenye baridi
na baridi yao ya kununua.
Ndafu ikishakatwa, mjomba atauliza
kwa sauti ya kufika migombani:
"Na wewe, unasoma wapi?"
Jibu moja ni la kupanda ndege.
Jingine ni bodaboda, shilingi elfu moja.

Milioni tisini na sita zitatoka wapi?
Kaka Eliamani ameshasema: kihamba kipo.
Hati tunayo, benki watakubali.
Alisema akichuma kahawa, hakuniangalia.
Kihamba: migomba, mibuni iliyochoka,
kaburi la baba,
na masale ya mpakani ambayo hakuna aliyewahi kuyang'oa,
hata mlevi.
Mama hakukataa. Aliuliza tu,
"Wakija kupima, wataanzia wapi?
Kwa baba yako, au jikoni?"

Nachukua karatasi ya kufungia misumari, napiga hesabu.
Riba. Miaka miwili duka limefungwa.
Wateja watakaohamia kwa Mushi wa kona.
Mshahara nitakaopata, nikiupata,
na hapo kalamu inaanza kuandika matumaini kwa tarakimu.
Naijua hali hiyo. Ndiyo ya wadeni wangu,
wote husema "mwisho wa mwezi" kwa uso ule ule.

"Dada, zidisha mmoja," anasema Kiwelu.
Namzidishia watatu.
Anajipapasa mifuko, kisha anacheka kidogo:
"Niandikie."

Namwandika.

Jioni nikalipa awamu ya kwanza kwa simu,
milioni moja na laki nane, pamoja na makato.
Ujumbe ukarudi: Asante Aikade.
Usiniite mwenye busara. Niliogopa,
na woga wangu ulikuwa na risiti.
Kama kihamba kingekuwa cha mtu mwingine,
sasa hivi ningekuwa nachagua koti.

Ile barua sijaichana.
Ipo chini ya droo ya pesa,
na siku biashara ikilala huwa naitoa,
napitisha kidole juu ya muhuri,
nasoma jina langu.
Herufi zote zipo.